Paul Winfield: baba, jaji, nahodha

Aliyewahi kuitazama The Terminator, filamu ya mwaka 1984, amekwisha kumwona Paul Winfield. Ndiye Luteni Traxler, afisa wa polisi mwenye mwili mkubwa na sauti nzito, anayemtuliza Sarah Connor kituoni na kumwambia apumzike, kabla muuaji wa chuma hajaingia na kukiangamiza kituo kizima. Anayefuatilia hadithi za Star Trek amemwona pia, mara moja akiwa nahodha wa binadamu na mara nyingine akiwa nahodha wa viumbe wa sayari ya mbali. Sura yake imezunguka dunia nzima, ila jina lake wanalikumbuka wachache.

Anastahili kukumbukwa zaidi ya hapo. Kwa takriban miaka 40 Winfield aliwapa wanaume Weusi wa Marekani heshima kwenye skrini: akawaigiza wakiwa baba wanaopenda watoto wao, waume wanaotamaniwa na wake zao, viongozi wanaoelemewa na majukumu na mahakimu wanaoumia kabla ya kutoa hukumu. Katika miaka hiyohiyo alilazimika kuweka pembeni sehemu kubwa ya maisha yake mwenyewe, kwa kuwa alimpenda mwanamume mwenzake na kuishi naye kwa muda wa miaka 30 hivi. Watu wa karibu walilijua jambo hilo. Kwa magazeti na kwa mashabiki hakulizungumza. Si rahisi kueleza kazi ya Winfield bila kutaja ukimya huo.

Alizaliwa Dallas, Texas, katika zama ambazo sheria za kusini mwa Marekani ziliwatenga Weusi na Wazungu shuleni, garini na hata katika majumba ya sinema. Mama yake alifanya kazi ya kuwaunganisha wafanyakazi wa viwanda vya nguo katika vyama vyao. Baba wa kambo, ambaye Paul alichukua jina lake la ukoo, alikuwa mzoa taka wa jiji na kibarua wa ujenzi. Familia ilihamia magharibi kama zilivyofanya familia nyingi za Weusi wa kusini, na Paul akamalizia sekondari Los Angeles, katika shule ya Manual Arts. Baadaye alipitia vyuo kadhaa, vikiwemo Chuo Kikuu cha Portland na UCLA. Ukimtazama akiigiza vibarua na wakulima, unaona mtu anayefahamu jinsi mgongo unavyokaa baada ya kutwa nzima ya kazi.

Jukwaa lilimpokea kabla ya kamera. Mwaka 1964, mjini Los Angeles, mwongozaji Burgess Meredith alimpa nafasi katika michezo ya LeRoi Jones, mwandishi aliyekuja kujulikana kwa jina la Amiri Baraka. Ilikuwa michezo mikali, iliyojaa hasira za rangi za wakati ule. Mwaka uliofuata Winfield alionekana kwenye televisheni katika Perry Mason, na tangu hapo akaanza kupita katika tamthilia moja baada ya nyingine, leo ana dakika tano, kesho ana kumi. Ndivyo waigizaji wengi Weusi walivyoishi: kazi ndogondogo, na subira.

Septemba 1968 shirika la NBC lilianza kurusha Julia, ambamo Diahann Carroll aliigiza nesi mjane aliyefiwa na mume katika vita vya Vietnam, akimlea mwanawe wa kiume peke yake. Ilikuwa hatua mpya kwa televisheni ya Marekani kumweka mwanamke Mweusi msomi katikati ya hadithi bila kumvisha sare ya mtumishi wa ndani. Winfield alipewa uhusika wa mchumba wake. Mamilioni ya watu walimwona mwanamume Mweusi mpole, nadhifu na mwenye mapenzi ameketi sebuleni na mpenzi wake. Leo tunaona jambo la kawaida. Mwaka ambao Martin Luther King aliuawa, halikuwa la kawaida hata kidogo.

Hollywood ya wakati huo ilikuwa na milango miwili iliyofungwa, na Winfield alisimama mbele ya yote miwili. Wa kwanza ni wa rangi, nao ulikuwa umeanza kusukumwa na waigizaji Weusi kama Sidney Poitier. Wa pili haukuguswa. Tangu mwaka 1934 kanuni za maadili za studio zilikataza kuonyesha mapenzi ya jinsia moja, na hata zilipofutwa mwaka 1968 desturi zilibaki. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliendelea kuyaita mapenzi hayo ugonjwa hadi Desemba 1973. Huko California, makao ya filamu, sheria iliyoweza kuwapeleka gerezani watu wazima waliopendana kwa hiari ilidumu hadi mwisho wa mwaka 1975. Mwigizaji ambaye jambo lake lingetoka gazetini hakuwa na wa kumtetea: wadhamini wangekimbia, studio ingenyamaza, simu zisingepigwa tena. Kwa mwigizaji Mweusi, ambaye simu zake tayari zilikuwa chache, hatari ilikuwa maradufu.

Ndipo ikaja Sounder. Mwongozaji Martin Ritt aliipiga filamu hiyo Louisiana, kutokana na riwaya ya William H. Armstrong, na mswada ukaandikwa na Lonne Elder III, mtunzi Mweusi wa tamthilia. Hadithi inatokea mwaka 1933. Familia ya akina Morgan inalima shamba la mtu na kugawana naye mavuno, na mgao hautoshi hata chakula. Baba, Nathan Lee, anaiba nyama watoto wapate kula, anakamatwa na kuhukumiwa mwaka mmoja wa kazi ngumu. Mkewe Rebecca, aliyeigizwa na Cicely Tyson, anabaki na shamba na watoto. Mtoto mkubwa, aliyeigizwa na Kevin Hooks, anafunga safari kwa miguu kumtafuta baba yake katika makambi ya wafungwa.

Ilipotoka mwaka 1972, majumba ya sinema yalikuwa yamejaa filamu za Weusi wenye bastola na makoti ya ngozi. Shaft ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla, na Super Fly ilitoka mwaka huohuo. Watazamaji walizipenda, na walikuwa na sababu ya kutaka kumwona Mweusi anayeshinda. Sounder ilileta ushindi wa namna nyingine. Nathan Lee hampigi mtu. Anacheka na wanawe, anacheza mpira, anamtazama mkewe kwa macho ya mume ambaye bado ana hamu naye. Anaporudi kutoka kifungoni, anachechemea barabarani, mguu umeumizwa. Rebecca anamtambua kwa mbali na kukimbia, huku analia na kuita jina lake, na Winfield anajikokota kwa mguu mmoja mzima ili njia ya mkewe iwe fupi. Katika mwendo huo mna uchungu, aibu ya mtu aliyevunjwa, na furaha isiyoweza kungoja.

Baadaye kuna tukio jingine, la utulivu zaidi, ambalo naliona kuwa kilele cha filamu. Mtoto amepata nafasi ya kusoma shule ya mbali, lakini hataki kumwacha baba aliyerudi akiwa kilema. Baba anamfuata na kumweleza kwamba kumpenda hakumlazimu kubaki shambani. Anasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayebeba chombo kinachoweza kuvunjika, na uso wake unaonyesha kwamba anayemwachia aende ni yule asiyetaka kabisa kuachana naye. Ni mara chache sana, kabla ya hapo, sinema ya Marekani ilikuwa imempa baba Mweusi dakika kama hizo.

Sounder iliteuliwa kuwania Oscar nne: filamu bora, mwigizaji bora wa kiume, mwigizaji bora wa kike na mswada. Winfield akawa Mweusi wa tatu kuwania tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, baada ya Poitier na James Earl Jones. Usiku wa tarehe 27 Machi 1973 alishindanishwa na Marlon Brando, Laurence Olivier, Michael Caine na Peter O'Toole. Brando alishinda kwa The Godfather na kuikataa tuzo, akamtuma mwanamke kueleza malalamiko kuhusu jinsi Hollywood ilivyowatendea Wamarekani wa asili. Kelele za usiku ule zilimeza habari nyingine zote, pamoja na ile ya mtoto wa mzoa taka kusimama sawa na Olivier.

Mzungu aliyefika hapo angepewa filamu kubwa tatu mfululizo. Winfield alipewa kazi, na aliifanya kwa bidii, lakini njia ya nyota haikufunguka. Alicheza Jim, mtumwa anayetoroka, katika Huckleberry Finn ya mwaka 1974. Mwaka huo aliigiza pia maisha ya Roy Campanella, mchezaji wa besiboli aliyepooza baada ya ajali ya gari. Televisheni ilimpa nafasi ambazo sinema ilimnyima, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwaka 1978.

Februari mwaka huo NBC ilirusha kwa siku tatu tamthilia ya King, iliyoandikwa na kuongozwa na Abby Mann. Winfield alikuwa Martin Luther King, Cicely Tyson alikuwa mkewe Coretta, na Ossie Davis alikuwa King mzee, baba yake. Ilikuwa imepita karibu miaka 10 tu tangu King auawe mjini Memphis. Waliomwona King kwa macho yao walikuwa hai, na walikuwa wakitazama. Winfield hakujaribu kumwiga King wa hotuba peke yake. Alionyesha mtu aliyechoka, mwenye mashaka, anayepigiwa simu za vitisho usiku na kuamka asubuhi akalazimika kuwa jasiri mbele ya watu. Aliteuliwa kuwania Emmy, na mwaka uliofuata akateuliwa tena kwa Roots: The Next Generations.

Aliyejua maisha ya Winfield angeona jambo zito katika kazi ile. Aliyepanga maandamano makubwa ya Washington ya Agosti 1963, ambako King alitoa hotuba yake mashuhuri, ni Bayard Rustin, mshauri wa King ambaye alikuwa mpenzi wa jinsia moja. Mwaka 1960 mbunge Adam Clayton Powell alitishia kumzushia King kashfa kwa sababu yake, na Rustin akajiuzulu ili harakati zisiumie. Wiki chache kabla ya maandamano, seneta Strom Thurmond alimshambulia hadharani bungeni. Viongozi walimhitaji Rustin kwa akili na utaratibu wake, lakini walitaka abaki nyuma ya pazia. Miaka 15 baadaye, aliyekabidhiwa uso wa King mbele ya taifa zima alikuwa mwanamume wa aina ya Rustin, naye pia ilimbidi upande huo wa maisha yake ubaki nyuma ya pazia. Nadhani ndiyo maana King wake ana uzito mabegani. Winfield alifahamu maana ya kupendwa na umati usiokujua.

Miaka ya 80 ilimletea kazi nyingi na za kila namna. Katika Star Trek II: The Wrath of Khan ya mwaka 1982 alikuwa Nahodha Terrell, anayepenyezwa mdudu sikioni ili atii amri za adui. Anaamriwa kumuua Kirk, shujaa wa filamu. Mkono wake unatetemeka, unakataa, unarudi, na mwishowe anaielekeza silaha kwake mwenyewe. Tukio ni fupi, lakini ni vigumu kulisahau. Mwaka huohuo alicheza katika White Dog ya Samuel Fuller, hadithi ya mbwa aliyefundishwa kushambulia watu Weusi. Winfield ni Keys, mfunza wanyama Mweusi anayekataa mbwa yule auawe, kwa imani kwamba chuki iliyofundishwa inaweza kuondolewa kwa mafundisho. Studio ya Paramount iliingiwa na hofu ya malalamiko na kuifungia filamu kabatini. Wamarekani hawakuiona katika sinema zao hadi mwaka 1991. Mojawapo ya kazi bora kabisa za Winfield ilizikwa kwa karibu miaka 10.

Mwaka 1984 alikubali jambo ambalo waigizaji wachache wa hadhi yake wangelithubutu: katika Mike's Murder ya James Bridges aliigiza mtayarishaji wa muziki tajiri, mwanamume aliyempenda kijana aliyeuawa. Uhusika huo hakuufanya kichekesho wala tishio. Aliufanya mtu anayeomboleza. Mwaka uliofuata alikuwa Gabriel, mhubiri mkali na baba katili, katika tamthilia ya televisheni iliyotokana na Go Tell It on the Mountain ya James Baldwin. Baldwin, mtoto wa Harlem na mpenzi wa jinsia moja kama yeye, alikuwa ameandika riwaya hiyo kutokana na maumivu ya nyumba aliyokulia. Winfield alimpa Gabriel hasira zote, kisha akaonyesha woga ulio chini yake.

Oktoba 1985 Rock Hudson, nyota aliyekuwa kielelezo cha uanaume wa Hollywood, alifariki kwa UKIMWI, na siri aliyoificha maisha yake yote ikawa habari ya dunia. Badala ya kuleta huruma tu, kifo kile kilizidisha hofu: wapo waigizaji walioogopa hata kuguswa na wenzao. Katika hali ile Winfield aliendelea kuishi na mwenzake, mbunifu wa majengo na wa mandhari za maigizo, katika nyumba moja, akienda kazini asubuhi na kurudi jioni. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wapo leo wanaoona alipaswa kusema. Mimi naona kwamba wakati ule kuishi na umpendaye miaka nenda miaka rudi bila kumkana kulihitaji ujasiri mkubwa, na lawama za ukimya ziwaendee waliokuwa na uwezo wa kumnyima mkate kwa neno moja.

Miaka ya 90 ilimletea kazi ambayo uso wake haukuonekana. Septemba 1991 Star Trek: The Next Generation ilirusha sehemu iitwayo Darmok. Winfield ni Dathon, nahodha wa taifa ambalo husema kwa visa vya wahenga wake tu. Kila wazo lina tukio lake la kale, na asiyezijua hadithi haelewi hata neno. Sisi tuliolelewa na wazee wanaoweza kumaliza mjadala kwa methali moja tunamwelewa Dathon upesi kuliko Picard, nahodha wa binadamu. Akiwa amefunikwa uso mzima kwa mpira na rangi, Winfield alibaki na sauti, macho na mikono. Kwa hivyo vitatu alijenga subira, udhia, ucheshi, na mwisho wake kifo cha mtu anayefurahi kwamba mgeni hatimaye ameelewa. Dathon anatoa uhai wake ili mataifa mawili yapate lugha ya pamoja.

Tuzo ilifika mwaka 1995. Katika Picket Fences ya CBS alikuwa Jaji Harold Nance, anayetoa amri ya kupeleka watoto Weusi katika shule za mji wa Wazungu, na akatwaa Emmy ya mwigizaji mgeni katika tamthilia. Sheria aliifahamu tayari kwenye skrini, kwani miaka mitano kabla alikuwa jaji mwingine, tena mwenye siri zake, katika Presumed Innocent akiwa na Harrison Ford. Kuanzia mwaka 1998 hadi kufa kwake alikuwa msimulizi wa City Confidential, kipindi cha visa vya uhalifu wa miji ya Marekani, na watu waliomsahau Nathan Lee wakaijua sauti ile kama sauti ya jirani.

Januari 2003 ABC ilirusha Sounder mpya. Aliyeiongoza ni Kevin Hooks, yule mtoto aliyefunga safari kumtafuta baba, sasa mtu mzima na mwongozaji mwenye jina. Alimwita Winfield na kumpa uhusika wa mwalimu. Miaka 30 baada ya kumruhusu mwanawe wa filamu aende shule, Winfield alisimama katika shule ile akiongozwa na mwana huyohuyo. Waigizaji hupewa vikombe na hotuba. Sijui heshima inayozidi hiyo.

Alikuwa tayari amefiwa. Mwenzake alikufa Machi 2002 kwa saratani ya mifupa. Winfield, aliyekuwa akisumbuliwa na kisukari, alikufa kwa mshtuko wa moyo mjini Los Angeles tarehe 7 Machi 2004. Walizikwa pamoja katika makaburi ya Forest Lawn, Hollywood Hills, na hapo ndipo ukimya ulipokwisha, kwa kuwa kila apitaye anaweza kuona.

Tarehe hizo zinauma zikiwekwa kando ya tarehe za sheria. Texas, alikozaliwa, iliendelea kuwahesabu watu kama yeye kuwa wahalifu hadi tarehe 26 Juni 2003, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoifuta sheria hiyo, miezi minane na siku chache kabla ya kifo chake. Siku aliyokufa, ukumbi wa jiji la San Francisco ulikuwa katika wiki ya nne ya kufungisha ndoa za wapenzi wa jinsia moja. Siku nne baadaye mahakama ya jimbo ikazisimamisha. Massachusetts ilianza kuzifungisha rasmi Mei mwaka huo. Miaka 30 ya maisha ya pamoja ilipita bila sheria kuwaruhusu wafunge ndoa.

Walio nyuma yake wamekuta njia pana zaidi. Mwaka 2023 Colman Domingo, Mmarekani Mweusi asiyeficha kwamba ana mume, aliigiza Bayard Rustin katika filamu iliyoongozwa na George C. Wolfe. Machi 2024 aliketi ukumbini akiwania Oscar ileile aliyoiwania Winfield, kwa kumwigiza mtu ambaye harakati zenyewe zilimficha. Mwaka mmoja baadaye akateuliwa tena kwa Sing Sing. Domingo anahojiwa kuhusu ndoa yake kama anavyohojiwa kuhusu kazi yake, na simu zinaendelea kupigwa.

Uhuru huo haukuletwa na wakati peke yake. Ulihitaji watazamaji waliokwisha kuzoea kumwona mwanamume Mweusi mwenye upole, anayelia, anayekosea, anayependa na kupendwa, na Paul Winfield ni miongoni mwa waliowazoesha, kazi kwa kazi, dakika kwa dakika, kwa karibu miaka 40. Alilipia kazi hiyo kwa sehemu ya maisha yake ambayo hakuruhusiwa kuitaja. Historia ikimtaja, imtaje mzima: mwigizaji mkubwa, Mweusi, mwenye mwenzake wa maisha, wala hakuna moja kati ya hayo la kuombea radhi.